Tusingoje ghorofa nyingine ianguke

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, katikati ya soko lililo mashuhuri kuliko yote nchini, wakati wenye maduka wamekwisha kufungua milango na wapagazi wamekwisha kujitwika mizigo. Kwa siku kadhaa Taifa zima lilikaa likisikiliza habari za ndugu zetu waliofukiwa: waliokuwa wakizungumza na waokoaji kutoka chini ya zege, waliotolewa wakiwa hai, na waliotolewa wakiwa maiti. Waliokufa walizidi 20. Miaka 11 kabla ya hapo, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katika jiji hilo hilo la Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Watoto waliokuwa wakicheza kando yake walikuwa miongoni mwa waliofukiwa.

Kila unapotokea msiba wa namna hii husikika wenzetu wakijiliwaza kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Sisi hatukubaliani na neno hilo. Tetemeko la ardhi halina kinga, na radi haina miadi na mtu. Lakini ghorofa ni kazi ya mikono ya binadamu. Kuna aliyeichora, kuna aliyeiruhusu, kuna aliyeijenga na kuna aliyepewa mshahara na umma ili aikague. Ikianguka bila ya tetemeko wala tufani, basi kuna mmoja kati ya hao, au wote pamoja, ambaye hakutimiza amana yake.

Baada ya msiba wa mwaka 2013 ilielezwa hadharani kwamba ghorofa zilizosimamishwa zilizidi zile zilizoruhusiwa. Katika msiba wa Kariakoo, taarifa za mwanzo zilieleza kuwa chini ya jengo lililokwisha kusimama palikuwa pakichimbwa ili kuongeza nafasi ya maduka. Mambo hayo mawili si sawa. Huko kibali kilivukwa wakati wa kujenga. Hapa jengo la zamani liliguswa miguu. Lakini yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kwamba kibali cha ujenzi katika nchi yetu kimekuwa karatasi. Karatasi ikikwisha kupigwa muhuri hufungiwa kabatini, wala haiwezi kuona ghorofa ya 11 ikipanda juu ya ya 10, wala haiwezi kusikia sululu likigonga msingi usiku.

Kwa mujibu wa utaratibu wetu, kibali hutolewa na halmashauri baada ya maofisa wa fani mbalimbali kuikagua michoro. Wa ardhi hutazama umiliki. Wa mipango miji hutazama matumizi ya kiwanja. Mhandisi hutazama uimara. Wa afya hutazama vyoo, hewa na mwanga. Wa zimamoto hutazama njia za kuokokea. Utaratibu huo ni mzuri, na waliouweka walikuwa watu wenye busara. Tatizo ni kwamba kila mmoja wa maofisa hao ana jalada lake, ramani yake na kabati lake.

Tulipata kuingia katika chumba cha majalada cha halmashauri moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja kwa sababu tunaamini haiko peke yake. Tuliomba kuonyeshwa mchoro wa jengo lililokuwa linaonekana kupitia dirisha la chumba hicho hicho. Maofisa wawili, watu waungwana na wenye bidii, waliutafuta tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Ulipopatikana, ulikuwa umekunjwa mara nane na panya wamekwisha kula pembe moja. Lakini lililotushangaza zaidi ni jinsi kiwanja kilivyochorwa. Kilikuwa mstatili mweupe peke yake, bila jirani, bila mfereji, bila barabara, kama kisiwa kisicho na bahari. Tukauliza: mfereji wa maji ya mvua unaopita nyuma ya jengo hili uko wapi? Tukajibiwa kuwa ramani ya mifereji iko kwa mhandisi wa barabara, katika jengo jingine. Na mpaka wa kiwanja cha jirani? Huo uko kwa mpima ardhi. Na bonde la mto? Hilo lina mamlaka yake, mji mwingine. Basi maofisa wetu wanaombwa watoe hukumu juu ya nyumba ambayo hawaoni imesimama wapi.

Siku hizi imeanza kusemwa kuwa dawa ni kompyuta. Sisi pia tunaamini hivyo, lakini tungependa tuelewane maana. Mwombaji akichukua mchoro wake wa karatasi, akaupiga picha, akautuma ofisini kwa njia ya mtandao, na ofisa akaufungua na kuutazama kwenye kioo badala ya mezani, kilichopungua ni nauli na foleni. Hilo si dogo kwa mwananchi anayetoka mbali, nasi tunalipongeza. Lakini picha ya karatasi ni karatasi. Mashine huiona kama mtu anavyoona kitabu cha lugha asiyoijua: anaona wino, haoni maneno.

Wataalamu wa ujenzi wanayo leo njia nyingine. Msanifu hachori mistari mitupu, bali huijenga nyumba nzima ndani ya kompyuta kabla ya kuijenga juu ya ardhi. Hii ndiyo iitwayo modeli ya taarifa za jengo. Ndani yake ukuta umeandikwa kuwa ni ukuta, na nguzo imeandikwa kuwa ni nguzo, pamoja na unene wake, kimo chake na aina ya zege na nondo zilizokusudiwa. Kwa upande wa pili, wapima ardhi na watu wa mipango miji wanazo ramani za kompyuta zenye mipaka ya viwanja, hifadhi za barabara, kingo za mito, miinuko ya ardhi, mabomba ya maji na njia za umeme. Shabaha yenyewe ni kuvikutanisha vitu hivyo viwili: kuichukua nyumba ile na kuiweka juu ya kiwanja chake halisi, katikati ya majirani zake halisi, kisha kuipima kwa sheria.

Hapo mashine inaweza kujibu maswali ambayo leo humchukua ofisa siku nyingi, au hayaulizwi kabisa. Je, nyumba hii imeacha nafasi inayotakiwa kutoka mpaka wa jirani? Je, kimo chake kinazidi kilichoruhusiwa mtaani? Je, imeingia katika hifadhi ya barabara? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kuzipima mita 60 juu ya ramani iliyo sahihi ni kazi ya nukta moja kwa kompyuta.

Msomaji asidhani kuwa tunazungumzia anasa ya wataalamu. Mwezi Desemba, 2015 na Januari, 2016 nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa alama za X kwa rangi nyekundu na nyingine kubomolewa, kwa sababu zilikuwa katika njia ya maji. Mwaka 2017 ikawa zamu ya wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, kwa sababu ya hifadhi ya barabara. Hatuzungumzii hapa nani alikuwa na haki mbele ya sheria. Tunasema tu kwamba katika nyumba zile mlikuwa na mita za umeme na mabomba ya maji, na wengine walikuwa na stakabadhi za kodi ya majengo. Mkono mmoja wa Serikali ulikuwa ukipokea fedha mahali ambapo mkono wa pili ulikuwa ukisema hapafai kukaa mtu. Mama aliyeuza vitumbua miaka 15 ili apandishe vyumba viwili hakujua, na hakuna ofisa aliyekaa naye mbele ya ramani moja yenye mambo yote na kumwambia: mama, hapa pasijengwe. Kama angeambiwa siku ya kwanza, angelia siku moja. Aliambiwa siku ya mwisho, mbele ya tingatinga.

Nchi nyingine zimetutangulia, na si vibaya kujifunza kwao. Singapore ilianza mpango wake wa kuunganisha kazi za ujenzi kwa kompyuta, uitwao CORENET, mwaka 1995. Maombi yakaanza kupelekwa kwa mtandao katika mwaka 2001. Kuanzia 2013 ikawa lazima kwa majengo makubwa, yanayozidi mita za mraba 20,000, kuwasilisha modeli ya jengo. Na mwaka 2015 kiwango kikashushwa hadi mita za mraba 5,000. Mwishoni mwa 2023 ukazinduliwa mfumo mpya ambao idara zote zinaitazama modeli moja kwa pamoja. Hiyo ni safari ya karibu miaka 30, iliyoanza na majengo makubwa kabla ya madogo. Estonia, nchi yenye watu wachache kuliko mkoa wetu mmoja mkubwa, ina rejesta moja ya majengo ya nchi nzima, na imejaribu kuifanya kompyuta iikague modeli kabla ya binadamu kuitazama.

Karibu na nyumbani, Jiji la Nairobi lilianza kushughulikia vibali vya ujenzi kwa kompyuta mwaka 2011. Hata hivyo, usiku wa tarehe 29 Aprili, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, kandokando ya mto, na kuua watu wapatao 50. Jengo lile lilikuwa limekwisha kuwekewa alama kwamba libomolewe. Tunaikumbuka habari hiyo kwa huzuni, na tunaitaja kwa sababu ina fundisho. Mashine huwakagua wale wanaoijia. Mwenye kujenga bila ya kuomba haijui mashine, na mashine haimjui yeye. Na hata anapojulikana, kama hakuna wa kuchukua hatua, alama ukutani huwa pambo.

Na sisi hatuanzi na mikono mitupu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kuhesabu majengo pamoja na watu, nayo ilionyesha kuwa tuna majengo zaidi ya milioni 14, Bara na Zanzibar. Katika mwaka huo huo mitaa yetu ilipewa majina na nyumba zikapewa namba katika kazi ya Anwani za Makazi. Kabla ya hapo, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa mitaa ya Dar es Salaam walizunguka kwa miguu wakichora nyumba, vichochoro na mifereji katika mradi wa Ramani Huria, kwa ajili ya kukabili mafuriko. Zanzibar nako, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi na washirika wake walianza kupiga picha visiwa kwa ndege zisizo na rubani. Wizara inayoshughulikia ardhi inayo mifumo yake ya kuweka kumbukumbu za viwanja na hati, na katika halmashauri mwananchi huomba leseni ya biashara kwa mfumo wa TAUSI. Mali hiyo ipo. Lakini imekaa kama visima vingi vilivyochimbwa karibu karibu, kila kimoja na kamba yake, wala hakuna aliyeweka bomba la kuviunganisha.

Kuunganisha si kazi ya kusema tu. Tutoe mfano mmoja. Ramani nyingi za viwanja vyetu zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ambao ni wa enzi za ukoloni, na vyombo vya setilaiti hutumia mfumo wa dunia nzima. Mahali pamoja pakiandikwa kwa mifumo hiyo miwili, namba zinaweza kutofautiana kwa karibu mita 300. Taifa linao mfumo wake mpya, TAREF11, lakini ramani za zamani hazijihamishi zenyewe. Msanifu naye huanza kuhesabu kutoka pembe ya nyumba yake, kana kwamba dunia ilianzia hapo. Ikiwa vitu hivi vitakutanishwa kwa pupa, mashine itaiweka nyumba ya Juma katika kiwanja cha Ali, na kwa kuwa ni mashine iliyosema, hakuna atakayethubutu kuibishia. Kosa la karatasi hudhuru mmoja. Kosa la mfumo hudhuru mtaa mzima.

Kuna wanaopinga, nao wana hoja zinazostahili kujibiwa. Wapo wanaosema kuwa jambo hili litamtupa nje mnyonge. Modeli hutengenezwa kwa programu za bei kubwa na wataalamu wa bei kubwa, na wakazi wengi wa miji yetu wanaishi mahali ambapo hapajapimwa, katika nyumba zilizopandishwa tofali kwa tofali. Hoja hii ni ya kweli, na sisi tungekuwa wa kwanza kuupinga mfumo ambao ungemfanya mwenye vyumba vitatu aonekane mhalifu kwa sababu hana kompyuta. Jibu ni kutenganisha mizigo. Anayejenga ghorofa na kupangisha watu na alete modeli, kwa kuwa anaweza kulipa na kwa kuwa roho za wengi zimo humo. Anayejenga nyumba ya chini ya familia yake apewe na halmashauri, bila ya malipo, michoro michache iliyokwisha kukaguliwa ili achague mmoja. Kilichobaki kwake ni kuonyeshwa kwenye ramani mahali pa kuiweka, na kazi hiyo yaweza kufanyika katika ofisi ya mtaa, mwenyekiti wa mtaa na majirani wakiwapo. Tena muundo unaotumiwa kuhifadhi modeli uwe ule ulio huru kwa watu wote, kama IFC, ambao ni kiwango cha kimataifa, ili Taifa lisifungwe kwenye mnyororo wa kampuni moja ya ng'ambo inayopandisha bei kila mwaka.

Wapo wanaosema kuwa kompyuta haioni zege. Hilo nalo ni kweli. Modeli inaweza kuandika nondo nene, na fundi akaweka nyembamba. Inaweza kuandika saruji ya kutosha, na msimamizi akauza mifuko usiku. Hakuna mashine itakayochukua nafasi ya mkaguzi mwenye kofia ngumu na dhamiri safi. Lakini mkaguzi huyo tunaweza kumpa silaha. Kila hatua ya ujenzi, tangu msingi, nguzo, mpaka kila sakafu, iwe na mlango wake katika kumbukumbu, na mlango wa hatua inayofuata usifunguke mpaka mkaguzi awe amefika mahali penyewe, amepiga picha, na ameandika jina lake. Kama kibali ni cha ghorofa 10, basi hakuna mlango wa 11.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wengi hulizunguka. Sisi tulioanzia chuoni, na ubao na wino wa masizi, kabla ya kuingia shule ya Serikali, tulifundishwa mapema kwamba makubaliano huandikwa, huandikwa kwa uadilifu, na huwekewa mashahidi. Shuleni nako tukafundishwa kuwa rushwa ni adui wa haki. Mafundisho hayo mawili ni moja. Rushwa hupenda mahali pasipo na maandishi, au penye maandishi ambayo mtu mmoja peke yake ndiye mwenye ufunguo wake. Jalada linapopotea, halipotei lenyewe. Kumbukumbu iliyounganishwa huandika nani aliifungua, siku gani, na alibadilisha nini. Tusishangae basi tukiwaona baadhi ya watu wakiulaumu mfumo huu kwa maneno ya kitaalamu, huku wanachokilinda hasa ni droo ya meza zao.

Baada ya msiba wa Kariakoo, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe, na tume ikaundwa. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini ukaguzi wa mara moja ni kama kumpima mgonjwa joto siku moja na kulitupa daftari. Kazi yoyote ya ukaguzi wa majengo inastahili kuingizwa katika kumbukumbu ya kudumu, ili kila jengo liwe na daftari lake la maisha, lenye tarehe lilipojengwa, uzito lililokusudiwa kubeba, na kila nyufa, nyongeza na shimo. Anayetaka kuchimba chini ya nguzo aombe kibali kipya katika daftari hilo hilo, na wapangaji wa juu yake wapewe haki ya kujua.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza mambo manne. Kwanza, iwepo namba moja ya kila jengo, inayotumika kwenye kibali, kodi, umeme, maji na anwani, ili idara zote ziwe zinazungumza juu ya nyumba moja. Pili, ramani za viwanja zihamishiwe kwenye mfumo mmoja wa upimaji kabla ya mashine kupewa mamlaka ya kuhukumu. Tatu, tuanze na maghorofa ya kupangisha na ya biashara katika majiji, kisha tushuke kwa kadiri tunavyojifunza. Nne, kibali kisiwe siri. Mpita njia yeyote aweze kusoma kwenye bango, na kuhakikisha kwa simu yake, kwamba jengo analoliona limeruhusiwa ghorofa ngapi. Kuhesabu ghorofa hakuhitaji shahada. Muuza kahawa anaweza, mjumbe wa shina anaweza, na mtoto wa darasa la pili anaweza. Hao ndio wakaguzi ambao halmashauri haina uwezo wa kuwaajiri, na ambao hakuna atakayeweza kuwahonga wote.

Gharama itakuwapo, na wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi. Sisi tunawaomba wauulize pia upande wa pili wa hesabu: mitambo ya kunyanyua zege, siku za maduka kufungwa, wajane na yatima. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kariakoo ufa huo umekwisha kutugharimu watu wetu. Halmashauri zetu zinayo majengo mengine yaliyosimama asubuhi ya leo, yenye watu ndani, ambayo majalada yake hayajulikani yako wapi. Tunawaomba wakurugenzi waanze kwa kuyatafuta hayo.